Mkwe Ameshika Koleo

LUTENGANO: Haloo? Ni nani mwenzangu?

ANYES: Mimi.

LUTENGANO: Mimi nani? Namba hii siijui.

ANYES: Mkeo. Mama Neema. Taya halifunguki ndiyo maana sauti iko hivi. Yangu imeisha chaji, nimeazima simu ya nesi hapa hospitali.

LUTENGANO: Anyes. Wameshaling'oa?

ANYES: Bado. Uko wapi?

LUTENGANO: Nishavuka daraja la Kasumulu, niko upande wa Malawi. Vyungu vyako vimefika vizima, hata kimoja hakijapata ufa. Ila simu inahangaika, mara ishike mtandao wa huku, mara wa kwetu, kwa hiyo nikipotea—

ANYES: Baba Neema, narudi nyumbani.

LUTENGANO: Nyumbani wapi?

ANYES: Ikombe. Nikiwahi gari la Matema napata mtumbwi.

LUTENGANO: Na jino?

ANYES: Naondoka nalo.

LUTENGANO: Tangu Jumapili hujameza hata uji. Uvimbe umeshuka mpaka shingoni. Unarudi nalo ukalifanyie nini? Ni sindano. Sema tu, hata mimi naiogopa.

ANYES: Sindano naiogopa. Koleo naliogopa zaidi. Lakini siyo hivyo vinavyoniondoa hapa.

LUTENGANO: Ni nini sasa?

ANYES: Nilikuwa benchi hapa nje, nimeinama na maumivu yangu. Mtu akapita akaingia chumba cha meno. Nikaona viatu.

LUTENGANO: Viatu.

ANYES: Vyeusi, vya kamba, kisigino cha kushoto kimelika upande. Viatu vile navijua, Baba Neema. Kila akija kwetu ndivyo ninavyoviangalia, maana juu yake sijawahi kuangalia.

LUTENGANO: ...Baba mkubwa?

ANYES: Taratibu, yuko hapo nyuma ya pazia.

LUTENGANO: Baba mkubwa anafanya kazi Tukuyu.

ANYES: Daktari wa meno wa hapa yuko likizo. Wamemleta yeye amshikie zamu, leo tu, kesho anarudi Tukuyu. Nesi ndiye kaniambia.

LUTENGANO: Aisee.

ANYES: Ndiyo hivyo. Mkwe wangu ameshika koleo. Mimi ambaye nikisikia kikohozi chake njiani naingia kwenye migomba. Tangu baba yako afariki yeye ndiye baba mkwe wangu, yeye ndiye aliyesimamia mahari. Sijawahi kula mbele yake, sijawahi kukaa naye chumba kimoja, jina lake sijawahi kulitamka. Leo nilale chali nimwachamie mdomo?

LUTENGANO: Lakini pale ni daktari—

ANYES: Wewe ungemwachamia mama yangu?

LUTENGANO: (anacheka kidogo) Mama yako hana koleo.

ANYES: Usicheke.

LUTENGANO: Sicheki. Sikiliza, mila tunaiheshimu, ila—

ANYES: Aingize vidole mdomoni mwangu, Lutengano. Mate na usaha vimtiririkie mikononi. Halafu Krismasi aje kwetu, mimi nijifiche wapi?

LUTENGANO: Basi nenda Mbeya.

ANYES: Kwa shingo hii?

LUTENGANO: Sasa umesema mwenyewe. Kama Mbeya hufiki, Ikombe utafikaje? Lusungu naye alisema atasubiri kidogo, halafu—

ANYES: Usimtaje dada yangu.

LUTENGANO: Simtaji.

(Mtandao unakwaruza.)

ANYES: Lilikuwa gego hilihili. La mwisho, upande huuhuu.

LUTENGANO: Najua.

ANYES: Mtumbwi wa kumleta hospitali haukufika naye hai hata Lyulilo.

LUTENGANO: Najua, mke wangu. Kasia nilikuwa nimeshika mimi. Kwa hiyo naogopa kuliko wewe. Nakuomba, usiupande huo mtumbwi.

ANYES: Ngoja. Nesi ananinong'oneza... Anasema na yeye mwenyewe hajakaa. Ameliona jina langu, amesimama dirishani ametupa mgongo.

LUTENGANO: Nani, baba mkubwa?

ANYES: Hajui aniiteje ndani.

LUTENGANO: Mpe nesi simu.

NESI PRISCA: Haloo, kaka. Prisca hapa. Hawa watu wako mbona—

LUTENGANO: Dada, nisaidie. Yule daktari ni mkwe wake, kwetu hawasemeshani. Weka simu spika, iweke karibu na kichwa chake. Daktari ataniambia mimi, na mimi nitamwambia mke wangu.

NESI PRISCA: Kaka, hii ni hospitali.

LUTENGANO: Najua, dada. Kitambaa cha kufunika uso mnacho?

NESI PRISCA: Kipo cha kijani, kina tundu la mdomo.

LUTENGANO: Mfunike nacho, macho yasikutane.

NESI PRISCA: Salio langu lenyewe dogo—

LUTENGANO: Basi tuharakishe.

(Mlango. Kiti kinalia. Vyuma vinagonga sahani.)

BABA MKUBWA: Lutengano.

LUTENGANO: Shikamoo, tata.

BABA MKUBWA: Marahaba. Mwambie alaze kichwa kulia.

LUTENGANO: Mama Neema, laza kichwa kulia.

BABA MKUBWA: Mwambie ganzi inaingia.

LUTENGANO: Ganzi hiyo, mama. Shika kiti.

ANYES: Mmh. Mmmmh.

LUTENGANO: Nipo. Nipo hapa.

(Mtandao unakwaruza.)

BABA MKUBWA: Muulize kama mdomo anausikia.

LUTENGANO: Mdomo unausikia?

ANYES: Kama wa mtu mwingine.

BABA MKUBWA: Gego limelala, limeegemea mwenzake. Nitalikata vipande viwili. Mwambie atasikia mlio tu. Akisikia maumivu, anyanyue mkono.

LUTENGANO: Umesikia? Mlio usikutishe. Tata, usaha umeshuka sana?

BABA MKUBWA: Angechelewa mpaka kesho... Hilo usimwambie.

LUTENGANO: Anasikia, tata. Tuko spika.

BABA MKUBWA: Ah.

(Mashine inalia.)

ANYES: Mmmmh—

LUTENGANO: Nipo. Huku wameshaanza kuvipapasa vyungu vyako. Kuna mama anakigonga kimoja, anasikiliza kinavyolia, anasema—

BABA MKUBWA: Mwambie apanue zaidi.

LUTENGANO: Panua zai—

(Mtandao unakwaruza kwa nguvu.)

BABA MKUBWA: Lutengano?

LUTENGANO: Nipo. Nasema apanue.

BABA MKUBWA: Lutengano. Hasikiki huyu.

NESI PRISCA: Simu haijakatika, daktari. Sauti yake ndiyo haiji.

LUTENGANO: Mimi nawasikia. Nawasikia wote. Mama Neema, panua.

BABA MKUBWA: Piga upya.

NESI PRISCA: Nikikata, salio lililobaki halipigi Malawi.

LUTENGANO: Panua, mke wangu. Anyes, panua.

ANYES: Mmh... mmh...

NESI PRISCA: Amefunga mdomo, daktari. Na damu inajaa.

LUTENGANO: Msimwache katikati. Msemeshe wewe, tata. Tata, msemeshe. Mungu wangu, nani ananisikia?

(Mashine inazimwa.)

BABA MKUBWA: Mwanangu. Mwanangu Anyes. Ni mimi. Dada yako sikumuwahi. Wewe umekuja mwenyewe, uko mikononi mwangu. Panua kidogo tena, tumalize.

(Kiti kinalia, polepole. Kitu kinavunjika. Chuma kinagonga sahani.)

LUTENGANO: Anyes?

BABA MKUBWA: Limetoka. Lote, na mizizi yake. Uma pamba hii, usiongee.

ANYES: Nda... ndaga, tata. Asante, baba.

BABA MKUBWA: Nimesema usiongee, mwanangu.

LUTENGANO: Nimesikia. Mama Neema, hata kama hunipati, nimesikia kila kitu. Usipande mtumbwi leo, nakuja kukuchu—

(Salio limekwisha.)