Vidole Vingapi: Maisha ya Wadie Bushra, Muuguzi wa Macho

Leo ni arobaini ya kaka yangu mkubwa, Wadie Bushra Tanious. Alinikataza kumsifu, kwa hiyo waliokuja kusikia sifa watavumilia.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 Nazlat Girgis, mkoani Minya, mtoto wa kwanza wa Bushra, mkata mawe, na Labiba. Mwaka 1963 kipande cha chokaa kilimwingia baba jichoni. Hakupelekwa hospitali. Alipelekwa kwa Umm Sabra, aliyetoa vumbi machoni mwa watu kwa ulimi, ulimi uleule aliotumia kukisengenya kijiji kizima. Alimlamba jicho, akatabiri kwamba ataona baada ya Jumapili tatu. Tukangoja. Jumapili ya tatu jicho lilikuwa limeoza, na Umm Sabra akasema imani yetu ilikuwa ndogo.

Wadie alisomea uuguzi mjini Minya, akahitimu Juni 1971. Wajomba walimcheka kwamba mwanamume mzima anakwenda kubeba mabakuli ya wagonjwa. Wajomba haohao walimgongea mlango kila walipoumia, bila haya.

Alifanya kazi wodi ya macho miaka thelathini na sita. Kabla daktari hajamaliza chai yake, Wadie alikuwa amekwisha kumwinulia majeruhi vidole na kumwuliza ni vingapi. Aliyeshindwa alimulikiwa tochi. Jicho, alisema, hutoa habari zake siku ya kwanza: anayehesabu vidole ana matumaini makubwa, asiyeona hata mwanga ana machache mno. Aliandika yote daftarini, kisha akamwambia mwenye jicho. Ndugu walimchukia, maana kwetu mgonjwa hudanganywa mpaka apone au afe. Waliopendwa ni madaktari wa "utaona tu, Mungu ni mkubwa." Mungu ni mkubwa kweli, lakini hakuwatuma wamsingizie.

Tarehe 14 Januari 1979 alimwoa Afaf Naguib. Walijuana wodini, siku Wadie alipomwambia kaka yake Afaf kwamba jicho la kushoto limekwisha, atafute kazi nyingine. Afaf alimtukana mbele ya wagonjwa wote. Miezi sita baadaye alirudi na sinia la biskuti za Pasaka.

"Kaka sasa anashona viatu," alimwambia. "Wenzake walioahidiwa na madaktari bado wamekaa, wanangoja kuona."

Baada ya kustaafu Wadie aliwapelekea wakata mawe miwani ya kukinga macho machimboni. Mwenye machimbo, Bwana Rizk, alisema miwani inachelewesha kazi. Leo ameleta shada kubwa la maua. Tumeliweka nje, lishike vumbi.

Tarehe 3 Oktoba 2021, huko huko machimboni, Wadie alipandisha miwani yake kwenye paji la uso ili amgombeze vizuri mkataji asiyevaa yake. Kipande kikamwingia jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limekwisha kufa kwa presha ya macho, kwa hiyo hilo ndilo lilikuwa jicho lake pekee. Aliletwa nyumbani, na tukingoja gari la kwenda hospitali aliniamuru nimwinulie vidole na kuandika katika daftari lake. Niliinua viwili.

"Vinne," akasema.

"Ndiyo, kaka. Vinne."

"Sauti yako imechelewa, Fawzia."

"Vinne, kaka."

"Haya. Andika."

Nikaandika kwamba niliinua vinne. Nilimdharau Umm Sabra miaka hamsini na minane, na siku ile mimi ndiye nilikuwa Umm Sabra. Daktari naye akaahidi kwamba kabla ya Krismasi ataona. Wadie alimshukuru kwa adabu, na jioni ileile akaanza kuhesabu hatua za kutoka kitandani hadi mlangoni. Hakuona tena. Moyo ulimchukua tarehe 18 Februari 2024, akiwa nyumbani.

Ameacha mjane, Afaf, mabinti wawili, Marianne na Irini, wajukuu watano, na mimi, dada yake, mwenye daftari lake. Jana nililifungua, nikalipiga mstari neno langu na kuandika la kweli kando yake.

Pumzika kwa amani, kaka. Vilikuwa viwili.