Mama Kokoto na Lango la Kituo cha Pili

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mhandisi wetu wa mifumo ya ethi anastaafu. Kwenye barua za ofisi ana majina matatu. Kwetu ni Mama Kokoto, maana hajawahi kukagua kituo cha kupozea umeme bila kuinama na kupima unene wa kokoto kwa rula ya shule aliyomnyang'anya bintiye.

Kazi yake imefukiwa, ndiyo maana wageni hawaioni. Ethi ni wavu wa nyaya za shaba chini ya kituo, ili umeme ukitoroka uishie udongoni badala ya kupita mwilini mwa mtu. Kokoto za juu humkinga anayetembea.

Mwaka wake wa tisa alikosea. Kwa kuharakishwa, alipima udongo wa Kituo cha Pili katika wiki ya mvua. Udongo uliolowa hupitisha umeme vizuri, hivyo vipimo vilipendeza. Nyaya zikafukiwa, kadi za uzinduzi zikachapishwa. Kiangazi kilipoingia alirudi na mita yake, bila kutumwa na mtu. Namba za jinsi udongo unavyozuia umeme zilikuwa karibu mara tatu ya zile za awali. Siku ya hitilafu, mtu mwenye mkono langoni angekufa.

Angeweza kunyamaza. Alimwendea meneja, akasema kosa ni lake na uzinduzi usubiri. Meneja alifoka, na cheo alichokitarajia mwaka ule kikamponyoka. Sisi mafundi tulinuna, kwa kuwa ndio tuliofukua. Alishika jembe pamoja nasi wiki sita, akichimba vibaya mno, mpaka nyaya zikaongezwa kuzunguka uzio na lango. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumpelekea vipimo vya masika.

Miaka miwili baadaye kikombe kinachoshikilia waya mkubwa kilipasuka, umeme ukashuka ardhini. Mlinzi alikuwa ameshika komeo la lango. Alisikia kishindo, akamaliza kufunga, kisha akalalamika kwamba redio yake imezima. Mama Kokoto alipopata habari alikaa juu ya kokoto akalia. Mlinzi alidhani amefiwa.

Mlinzi yule bado yuko nasi. Ameomba zamu ya tarehe 30, ili amfungulie lango yeye mwenyewe, kwa mkono uleule.

Asante, Mama Kokoto, kwa kurudi kupima. Pumzika kwa raha na afya tele. Udongo tutaupima kiangazi.