Mama Joto Anaondoka Chumba cha Upasuaji

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulaza watu usingizi na kuwaamsha, mtaalamu wetu wa nusukaputi anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi. Lakini wenzangu wa chumba cha upasuaji wanajua miaka hii miwili ilivyokuwa, na mwenyewe aliniambia niyaandike mambo kama yalivyotokea, au niache kabisa.

Wengi humu hospitalini hawalijui jina lililo kwenye kitambulisho chake. Kwetu ni Mama Joto. Jina hilo alipewa na daktari wetu bingwa wa mifupa, tena kwa hasira. Zamani chumba kile kilikuwa baridi kama jokofu, kwa sababu daktari anayepigilia chuma ndani ya mfupa wa paja hutoka jasho kama seremala. Majeruhi wa ajali waliletwa wakiwa wameshapoteza damu njiani, wakavuliwa nguo, wakalazwa mezani, na tukishawafungua damu ilitoka tu, haikutaka kuganda. Tuliwaongezea mfuko baada ya mfuko hadi benki ya damu ikabaki tupu, na bado wengine walituponyoka.

Mama Joto ndiye aliyeanza kuwashika miguu. Akaikuta ya baridi kama maji ya bomba. Mwili uliopoa haugandishi damu vizuri. Hilo sote tulilisoma chuoni, tukalijibia mtihani, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Siku moja, katikati ya kazi, akazima kiyoyozi. Daktari aling'aka: "Unataka kutupika humu?" Akamjibu huku macho yakiwa kwenye mashine: "Wewe ukitoka jasho utaoga. Huyu akipoa ndiyo basi tena." Tangu hapo yakaja mablanketi, dripu zikaanza kupashwa moto kabatini kabla ya kutundikwa, nasi tukawa tunatoka mle tumelowa kama tuliosahau mwavuli. Daktari alinuna muda mrefu. Alipoona mifuko ya damu inaanza kubaki kwenye friji, alinyamaza, na kwa mtu kama yeye huko ndiko kuomba radhi.

Hakuishia chumbani kwake. Alitaka dawa ya kupunguza uvujaji wa damu itolewe mapokezi, mara tu majeruhi anapoingia, badala ya kungoja hadi afike mezani. Aliwafundisha wauguzi wa mapokezi kulifunga shuka kwa nguvu kuzunguka nyonga iliyovunjika, ili mifupa isiachane na damu isipate nafasi ya kujaa ndani. Watu wa eksirei walikuwa wanalifungua ili picha itoke safi. Aliwafuata huko huko na kuwauliza, "Picha nzuri ya maiti ni ya nini?" Hawakulifungua tena.

Lililokuwa gumu zaidi ni kumfundisha daktari kuacha. Alikuja utingo wa lori aliyevunjika mapaja yote mawili. La kwanza lilitengenezwa vizuri, na daktari tayari ananyoosha mkono apewe vifaa vya la pili. Mama Joto akasema, "Funga." Daktari akasema kazi iliyobaki ni ndogo. "Kazi ni ndogo, damu ndiyo imebaki ndogo zaidi. Mwekee vyuma vya nje vishike mfupa, utammalizia akipata nguvu." Walitazamana juu ya barakoa, sisi wengine tukajifanya tunahesabu pamba. Daktari akafunga. Yule utingo leo ana lori lake mwenyewe, na akipita barabara ya hospitali hupiga honi mpaka wodi nzima inamlaani.

Ningependa kuishia hapo. Mwaka jana aliletwa mdogo wake Mama Joto, kitinda mimba wa mama yao, fundi rangi. Jukwaa lilikatika akiwa ghorofa ya tatu, akaangukia nyonga. Mtaalamu wa nusukaputi mwenzake Mama Joto alikuwa chumba cha pili na mama aliyekuwa anajifungua kwa upasuaji, hakuweza kumwacha. Hakukuwa na mwingine wa kumlaza ila dada yake. Mdogo mtu alikuwa bado anazungumza. Alipomwona dada yake akalazimisha tabasamu: "Dada, leo utanipika mimi."

Kila kitu kilifanyika. Shuka lilifungwa, dawa ilitolewa mapokezi, chumba kilikuwa cha moto hadi miwani ya daktari ikaingia ukungu. Vyuma vya nje viliwekwa haraka, tumbo likawekewa vitambaa vya kubana. Fundi wetu wa plasta, ambaye damu yake na ya majeruhi ni kundi moja, alikunja mkono wa shati bila kuombwa. Lakini mshipa uliokatika ulikuwa nyuma kabisa, ndani, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki kwa wakati. Alitutoka mikononi mwetu, na dada yake ndiye aliyezima mashine.

Tulimwambia akae, sisi tutakwenda kuwaambia ndugu. Alikataa. Alimkuta mama yake kwenye benchi la korido, akapiga magoti mbele yake, akamwambia. Mama akauliza, "Na wewe ulikuwemo humo ndani?"

"Nilikuwemo, mama."

Mama hakusema kitu kingine. Sio siku ile, wala matanga yalipoanuliwa. Mama Joto alikuwa akienda kumwona kila wiki. Wanakaa, chai inapoa, anarudi kazini. Baadaye aliletwa mshona nguo aliyegongwa na gari, nyonga imevunjika vile vile, akatibiwa vile vile, akapona. Nilimkuta Mama Joto chumba cha kubadilishia nguo, kofia bado kichwani. "Nimefanya yale yale," akaniambia. "Yale yale kabisa."

Mwezi uliopita mama yake aliteleza bafuni akavunjika shingo ya mfupa wa paja. Safari hii watu walikuwepo. Mtaalamu mwenzake alishajiandaa, na Mama Joto alikuwa amesimama nje ya mlango, kama utaratibu unavyotaka kwa ndugu. Mama yake alipoingizwa akashika ukingo wa kitanda, akauliza binti yake yuko wapi. Tukamweleza utaratibu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu hakufa peke yake. Alikuwa na dada yake. Na mimi nitalala akiwepo yeye. Vinginevyo nirudisheni nyumbani."

Daktari alitazama dari. Halafu akaenda mwenyewe kufungua mlango. Yule mtaalamu mwenzake ndiye aliyetoa dawa ya usingizi, ila Mama Joto alikaa kichwani pa kitanda, kiganja chake kwenye shavu la mama yake, toka mwanzo hadi mwisho. Damu iliyopotea ilikuwa kidogo sana. Hakuongezewa hata mfuko mmoja. Mama alipozinduka alilitaja jina la mwanawe aliyekufa, akalia, na binti yake akalia naye, mara ya kwanza tangu msiba.

Mama yake ni mtu mzima, na hatujui kama atatembea tena bila kushikiliwa. Mama Joto anahamia kwake. Huku nyuma anatuachia pengo ambalo bado halijapata mtu, na majeruhi hawatangoja tumpate.

Kwa niaba ya wote waliotoka kwenye meza ile wakiwa na damu yao wenyewe mwilini, na ambao wengi wao hawakuwahi kuiona sura yako, tunakushukuru, dada yetu. Tunakuombea wewe na mama siku nyingi za utulivu, siku ambazo hakuna mtu atakayekimbia koridoni kukuita.