Mama Ujira na Vijana wa Msitu wa Umma

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Ujira, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mshonaji. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mweka hazina wa halmashauri, tena si kwa mapenzi. Tutafika huko.

Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda cha mbao, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1971 akajiunga na chuo cha misitu. Darasani walikuwa wasichana wawili tu, na buti zote za stoo zilikuwa za wanaume. Mwenzake alijaza matambara ndani ya buti, mambo yakaisha. Yeye alikwenda stoo kila asubuhi kuulizia saizi yake, mpaka mtunza stoo akawa anajificha nyuma ya magunia akisikia sauti yake. Buti zilikuja muhula wa pili.

Mwaka 1974 aliajiriwa na idara ya misitu, akapangiwa msitu wa umma ulio juu ya mji, wenye chemchemi tunazokunywa sote. Baada ya moto wa mwaka 1989, aliwaita vijana waliokuwa wakishinda vijiweni waje kufyeka njia za kuzuia moto, kung'oa magugu na kuotesha miche. Walikuja kwa wingi, bila malipo. Wiki ya pili nusu yao hawakuonekana. Wakubwa wake walisema vijana ni wavivu. Yeye alishuka mjini kumtafuta binti mmoja aliyekuwa hodari wa panga.

"Mama, nikirudi nyumbani naulizwa nimeleta nini," binti alimwambia. "Nijibu nimeleta hewa safi?"

Tangu siku hiyo hakukubali kijana afanye kazi ya umma bure. Kila msimu wa bajeti alikuwa ukumbini kabla ya madiwani, na mweka hazina akichungulia mlangoni aliuliza kwa kejeli, "Huyo mama ujira keshafika?" Mara ya kwanza walimpa fulana zenye nembo ya halmashauri. Alishukuru, akazikata matambara ya kusafishia misumeno. Fungu la ujira wa vijana lilipitishwa mwaka 1993, na kila mwaka alirudi kulipigania, hata baada ya kustaafu. Yule binti wa panga ndiye leo msimamizi wa kitalu.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na baba yetu, fundi redio, mtu mpole aliyependa kuwaambia wageni kwamba mkewe ana mume mwingine, na huyo ni msitu. Walijaliwa watoto watatu. Kusema kweli, kuwa mtoto wake hakukuwa rahisi. Kaka yetu mkubwa alipomaliza shule aliomba kazi msituni akanyimwa, watu wasije wakasema mama analisha wanawe kwa fungu la umma. Alinuna mwaka mzima, na ukimchokoza hata leo ataanza upya. Baba alitutoka mwaka 2009.

Figo zilianza kumsumbua mwaka jana. Februari mwaka huu alilazwa, na wiki hiyo hiyo rasimu ya bajeti ilitoka bila fungu la vijana. Mwenyekiti wa halmashauri alikuja wodini na matunda, pamoja na habari njema: lango la msitu litapewa jina la Mama, na litawekwa jiwe la kumbukumbu lenye picha yake.

"Na ujira wa vijana?"

"Mama, hali ya fedha unaijua. Lakini jina lako litadumu."

"Jina langu halinunui unga, mwanangu. Hilo jiwe analilipia nani?"

"Halmashauri."

"Kumbe hela zipo."

Mwenyekiti aliaga mapema. Mama alituagiza jiwe lisipokelewe, hata yeye akiwa hayupo. Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, bintiye muuguzi akiwa amemshika mkono. Tumeumia, na hatutajifanya vinginevyo.

Juzi jiwe lililetwa, limeshachongwa, limefungwa blanketi ndani ya pikapu. Tuligawanyika. Kaka yetu alilitaka. Alisema tumewagawia watu mama maisha yetu yote, angalau tubaki na jina lake mahali. Tulibishana jikoni mpaka chai ikapoa. Kisha akatoka nje, akalifunua, akalitazama kwa muda.

"Wamemchora anacheka," alisema. "Lini Mama alicheka na hawa?"

Akawaambia waliolileta waliondoe.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na vijana ishirini na wanne wasiojua kama watakuwa na kazi mwezi ujao. Halmashauri itapiga kura Alhamisi saa nne asubuhi, na kikao ni cha wazi kwa wananchi. Kaka yetu ameomba ruhusa kazini siku hiyo.

Pumzika salama, Mama. Ya Alhamisi tuachie sisi.