Siku Niliyowaomba Watoto Wasisimame

Amani kwenu, ndugu zangu. Nimeambiwa nisiongee sana, na nyinyi mnajua mwalimu akipewa watu waliokaa kimya inakuwaje. Nitajaribu.

Mnaniona hapa kanisani kila Jumamosi nikifundisha watoto wenu Kiswahili, labda mkadhani nilishuka kwenye ndege nikiwa hivi. Sivyo. Kwa miaka mingi hapa Toronto sikuweza kuingia darasani.

Nyumbani nilifundisha shule ya msingi, Bonde la Ufa. Mnakumbuka desturi yetu: mwalimu akiingia, darasa zima linasimama kwa pamoja, madawati yanakwaruza sakafu, wanakuamkia. Nilipenda sana ile sauti. Halafu uchaguzi ukaharibika, na vijana waliokuja kuchoma nyumba yangu walikuwa wale wale niliowafundisha kusoma. Mmoja aliniita "mwalimu" huku ameshika dumu la petroli. Nawaambia, hilo neno liliniuma kuliko kuipoteza nyumba.

Nikafika huku, nikapata kazi ghalani na chumba Flemingdon Park. Mkaniomba nifundishe, la sivyo darasa litafungwa. Nikakataa. Mkaomba tena, nikasingizia mgongo. Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Nilichoogopa ni kuona vijana wakisimama mbele yangu kwa pamoja.

Sasa sikilizeni. Siku moja nilikuwa kwenye lifti ya jengo letu na bibi mmoja wa Kichina, jirani tuliyezoea kupungiana mkono tu. Wakaingia vijana wa mpira wa kikapu, jezi nyekundu, kelele tele. Hawakuwa na ubaya wowote. Lifti iliposimama nikatoka mbio. Kugeuka, yule bibi naye katoka. Ghorofa ile haikuwa yangu wala yake. Tukatazamana, akaniuliza kwa Kiingereza kibovu kama changu, "Wewe walikufanya nini?"

Akanikaribisha chai. Kumbe naye alikuwa mwalimu, huko China, enzi za Mapinduzi ya Utamaduni. Kiongozi wao mkuu aliwahimiza vijana wang'oe kila kitu cha kale, na walimu wakahesabiwa kuwa maadui. Wanafunzi wake wakajifunga vitambaa vyekundu mkononi, wakajiita Walinzi Wekundu. Asubuhi moja alipoingia darasani walisimama kama kawaida, ila hawakumwamkia. Walimburuta hadi uwanjani, wakampigisha magoti, wakamnyoa nusu ya kichwa, wakamchapa kwa mikanda. Mwalimu mwenzake alifia pale pale. Na wachapaji wenyewe hata ndevu hawajaota.

Nikamuuliza kama alifundisha tena.

"Nilirudi," akasema. "Shule ile ile, miaka mingi baadaye."

"Uliwezaje?"

Akaniambia siku ya kwanza aliwaomba wanafunzi wasisimame. Akapita dawati kwa dawati, yeye ndiye akawaamkia, akimwuliza kila mmoja jina lake. "Kundi ndilo lililonipiga," akasema. "Nilitaka kuona kama ndani ya kundi kuna watu."

Nililia pale mezani kwake, na sioni haya kuwaambia. Lakini pia nilikasirika. Nikajiuliza, hivi wale vijana waliochukua nyumba yangu, nimewaachia na kazi yangu?

Jumamosi iliyofuata, kabla darasa halijafungwa, nikaja hapa. Watoto wakaanza kuinuka, maana mmewafunza adabu. Nikasema, "Kaeni." Nimeshikilia meza, macho mlangoni. Nikamwendea wa kwanza, nikampa mkono: hujambo, unaitwa nani? Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao. Nikaenda kwa mwingine. Nilipofika nyuma ya chumba, mlango nilikuwa nimeusahau.

Nawashukuru nyinyi mlioniomba mpaka mkanichosha. Yule bibi hatunaye tena. Siku ya mazishi yake binti yake aliniketisha na familia, na namshukuru kwa hilo. Ombi langu ni moja. Kijana wako akirudi nyumbani anasema watu fulani ni maadui, usimfokee. Mkalishe, mwambie akutajie jina la mmoja wao, na huyo mtu amemkosea nini. Nawaambia, hapo wengi hukwama.

Jumamosi iliyopita niliingia darasani, nikawaambia, "Leo simameni." Viti vikakwaruza sakafu, wote wakaniamkia kwa sauti moja. Nikawasikiliza mpaka mwisho.

"Marahaba," nikasema. "Sasa kaeni, tuanze."