Mama Vifungo na Msumari Uliobaki Wazi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutusindikiza, familia inaomba mketi kidogo msikilize maisha ya mama yetu, ambaye kwa ndugu zake alikuwa dada, kwa wajukuu alikuwa bibi, na kwa wengi wenu alikuwa Mama Vifungo tu, na tutayasoma maisha hayo kama yalivyokuwa, bila kuyapiga pasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu na binti wa pekee wa fundi wa mabehewa na mke wake aliyekuwa akifua nguo za watu. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1972, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975 akiwa na alama nzuri za hesabu na alama mbaya za tabia, kwa sababu, kama mwalimu wake wa darasa alivyosema mbele ya wazazi, msichana huyu akishajua yuko sawa hanyamazi hata umfunge mdomo, na tunaomba mlishike neno hilo, kwani tutalirudia.

Mwaka 1977 aliajiriwa na kiwanda cha nguo, kitengo cha umaliziaji, kazi yake ikiwa kushona vifungo vya mashati, na ndipo alipopata jina lake, kwa sababu alitembea na vifungo mfukoni hata siku za mapumziko, na mtoto wa jirani akinuna alimpitishia kifungo kikubwa kwenye uzi, akamwonyesha namna ya kuuzungusha na kuuvuta mpaka kifungo kikavuma kama nyuki, na kununa kukaisha. Katika kiwanda hicho alikutana na fundi bomba, wakafunga ndoa tarehe 18 Aprili 1981, wakajaliwa binti mwaka 1982 na mtoto wa kiume mwaka 1986. Mume wake alikuwa mtu wa utani, akipenda kuwaambia wageni kwamba katika maisha yake ameziba mabomba yote ya mji huu isipokuwa mdomo wa mke wake, na alifariki mwaka 2001, akamwacha na watoto, mashine ya kushonea, na paa linalovuja.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1992, na mwezi Januari mwaka uliofuata marehemu akaajiriwa kama mlezi wa zamu katika makao ya vijana yaliyo mwisho wa barabara ya lami, mahali panapolelewa vijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane, wengine wakiwa hawana wazazi, wengine wakiwa nao lakini hawatakiwi nyumbani. Aliwakuta wamekaa kwenye ngazi mchana kutwa wakitukanana kwa kukosa kazi, akaomba chumba cha zamani cha kufulia, chenye sakafu ya saruji na dirisha la nondo, akapewa kwa sharti kwamba kisiingie kitu chenye ncha, kitu chenye moto wala kitu cha kununua, maana yake aliambiwa afundishe kazi za mikono bila chochote cha kufundishia.

Akafundisha hivyo hivyo. Waliilowesha karatasi kwenye mkunjo na kuichana kwa vidole badala ya kuikata, wakaviringisha kalenda za zamani kuwa shanga, wakasuka matambara kwa mikono mitupu mpaka yakawa mazulia ya kuwekwa mlangoni, wakafinyanga bakuli za magazeti yaliyolowekwa, na gundi yao ilikuwa uji wa unga wa ngano, kwa sababu gundi ya viatu aliikataa kata kata, akijua kwamba baadhi ya vijana wale walikuwa wameacha kuinusa juzijuzi tu. Mpishi alilalamika kwamba Mama Vifungo anamaliza unga, naye akamjibu kwamba unga ukinuswa haumlevyi mtu. Vijana nao walimcheka siku za mwanzo, wakamwambia, "Bibi, sisi siyo chekechea," akawaambia sawa, mkubwa yeyote aje anisukie zulia lisilofumuka nikilivuta, na ilichukua muda mrefu kabla hajapatikana mkubwa wa aina hiyo.

Wa kwanza aliyempata, mwanzoni mwa mwaka 2004, alikuwa binti wa miaka kumi na mitano waliyemwita Kimya, jina la kejeli, kwani alikuwa akiongea kutoka kuamka mpaka kulala, akiwa na jibu kwa mwalimu, kwa mpishi na kwa mkuu wa makao mwenyewe. Marehemu alimpenda, na watoto wake wa kuwazaa wanasema leo bila kuficha kwamba jina la Kimya lilitajwa mezani kwao zaidi kuliko majina yao, na kwamba liliwachosha.

Mwaka huo huo ofisi ilikubali kununua mikasi midogo yenye ncha butu, kama ya watoto, baada ya marehemu kuomba kwa miaka. Aliifunga kila mkasi uzi wa sufu wa rangi yake, akapiga misumari kwenye ubao ukutani, akachora kwa rangi nyeusi umbo la kila mkasi chini ya msumari wake, ili jioni, kabla ya mlango kufungwa, mtu yeyote aangalie tu ukutani na kujua kama kuna uliokosekana, bila kumpekua mtoto wala kumuuliza, maana alisema anayehesabiwa awe mkasi, siyo mtoto.

Jumamosi tarehe 2 Oktoba 2004 makao yalizindua ukumbi wa wageni, na marehemu hakuuona uzinduzi wenyewe, kwa sababu alipelekwa jikoni kuchemsha chai ya wageni, huku mazulia ya vijana wake yakiwa yametandikwa mlangoni ili yasifiwe. Jioni alipoenda kufunga chumba alikuta umbo moja ubaoni liko wazi, la mkasi wenye uzi mwekundu, akaripoti kama sheria ilivyotaka, na hilo la kuripoti hakujisamehe. Vijana walitolewa vitandani, magodoro yakageuzwa, na kwa kuwa Kimya ndiye aliyetoka wa mwisho chumbani asubuhi ile, na kwa kuwa alipoulizwa alimwambia mkuu kwamba akatafute kwanza mifukoni mwa wageni wake, ikaonekana kesi imekwisha, na Jumatatu akapakiwa kwenye gari akapelekwa kituo kingine chenye ukuta mrefu, akipiga kelele kwamba hakuchukua, mpaka gari likakata kona.

Miezi mitatu baadaye picha ya uzinduzi iliwekwa kwenye fremu na kutundikwa katika ukumbi ule. Marehemu aliingia kufuta vumbi, akainua macho, akamwona mgeni rasmi akitabasamu mbele ya utepe, na mkononi ameshika mkasi mdogo wenye uzi mwekundu. Ikajulikana kwamba siku ile karani alisahau mkasi wa sherehe nyumbani, akakimbia chumba cha kufulia, akachomoa wa kwanza aliouona ukutani, mkasi ukashindwa kukata utepe mpaka mgeni rasmi akauvuta kwa mkono watu wakicheka, kisha mkasi na utepe vikatiwa pamoja kwenye boksi juu ya kabati la ofisi, na watu wote waliocheka siku ile walilala usiku wa upekuzi bila kukumbuka walichokicheka.

Marehemu alimshika mkuu mkono akampeleka mbele ya picha. Mkuu aliitazama, akasema, "Sasa Mama Vifungo, unataka nimpigie simu mgeni rasmi nimwambie kaiba mkasi?" Akamjibu kwamba hataki simu, anataka asimame mbele ya vijana wote kwenye bwalo la chakula na kusema maneno matatu, Kimya hakuiba mkasi, kisha amrudishe mtoto. Mkuu alisema vijana wakisikia wakubwa wamekosea watatupanda kichwani. Kesho yake mkasi ulirudishwa kwenye msumari wake kimyakimya, marehemu akautoa akauweka kwenye meza ya mkuu, na umbo lile likabaki wazi ukutani, kila kijana aliyeingia akiuliza kuna nini pale, naye akimweleza.

Alipanda basi akaenda kile kituo, akaambiwa binti alitoroka wiki ya tatu. Alimtafuta kwenye masoko, kwenye vyumba vya mafundi cherehani, kwa wenye vibanda vya stendi, hakumpata, na katika kila kikao cha wafanyakazi, ajenda zikiisha na mwenyekiti akiuliza kama kuna mengineyo, aliinua mkono na kuuliza ni lini yale maneno matatu yatasemwa, wenzake wakaanza kufunga mikoba.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2017, akapewa saa ya ukutani na hotuba iliyomwita nguzo ya makao, aliposimama kushukuru akauliza swali lake lile lile, na mtu akafungulia muziki. Wiki ile chumba chake kiligeuzwa stoo ya viti vya plastiki. Na kama ofisi bado inahesabu mikasi yake, familia inaitaarifu kwamba ule wenye uzi mwekundu aliuchukua marehemu mwenyewe siku ile ya kuagwa, mchana kweupe, akapita nao getini ameushika mkononi, na ndio mkasi pekee uliowahi kuibiwa pale.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na presha, mwaka 2022 akapata kiharusi kilichoulegeza mkono wa kushoto, akaendelea kusuka kwa mkono wa kulia huku ncha ya tambara ameibana kwa meno, akigombana na kila aliyejitolea kumshikia. Alilazwa hospitali mwanzoni mwa Februari, akafariki Jumanne tarehe 13 Februari 2024 asubuhi, na jioni ya kuamkia siku hiyo alimuuliza binti yake kama kuna habari zozote, binti akajua ni habari za nani, akasema hakuna. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mkasi mmoja katika droo ya cherehani, ambao hatutauzika naye, kwa sababu una mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomgeuza na kumsafisha bila kununa, tunawashukuru majirani waliotupikia na kutuazima viti, na tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani waliokuja, pamoja na mkuu wa zamani wa makao, ambaye tumemketisha mstari wa mbele na ambaye ameleta shada zuri la maua. Jana familia ilimwomba aseme maneno yale matatu leo hapa, badala ya maua, akasema siyo mahali pake.

Basi tunayasema sisi. Kimya hakuiba mkasi. Nyote mmesikia, na kama kuna mmoja wenu atakayekutana naye popote, atakuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano sasa, muongeaji, mwambieni limesemwa hadharani, mbele ya mkuu, na mkasi uko kwetu aje auchukue.

Pumzika, mama, unyamaze sasa kwa amani, zamu ya kuuliza tumeipokea.