Beleshi la Mzee Mbugua

Tukitoka Dundori kwa matatu, Mzee Mbugua, mwanajeshi mstaafu, alitoa mfukoni beleshi la kukunja, akamwonyesha jirani yake wa kiti. "Hicho ni kijiko, mzee," akacheka Mama Waithera, mkulima wa viazi mwenye jembe miguuni.

Mara gari letu likazama matopeni. Jembe la mama lilikuwa na mpini mrefu, halikuingia chini ya gari. Mzee akakunja beleshi lake katikati, akalala kifudifudi, akachimba. Sisi wengine tulisaidia kwa ushauri. Gari likanguruma, likatoka! Tukashangilia kana kwamba sisi ndio tuliochimba.

"Bado ni kijiko," akasema mama, akilichukua beleshi mkononi mwa mzee.

"Basi nirudishie," akasema mzee.

Tulisimama kituo cha Free Area mama akiwa bado amelipakata, analipangusa matope kwa leso yake.